Eliakimu Asikiliza Magari

Eliakimu alikuwa opereta wa simu katika wizara moja iliyokwisha kuhamia Dodoma, au iliyokuwa bado inahamia. Ilitegemea ulimuuliza nani. Alipofuka akiwa mtoto, kwa surua, akasomeshwa katika shule ya wasioona ya Buigiri, na tangu akabidhiwe ubao wa simu hakuna aliyewahi kumlalamikia. Mtu akipiga mara moja tu, hata kama alikohoa na kukata, Eliakimu alimkumbuka akipiga tena mwaka unaofuata. "Habari za Kigoma, bwana Respicius," angesema kabla mtu hajajitaja, na bwana Respicius huko Kigoma angeitazama simu kama mtu aliyefumaniwa bila shati.

Sifa hiyo ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba haikubaki kwenye sauti za watu. Jirani yake, mama Anyesi, alimletea redio iliyokuwa inakwaruza, na Eliakimu akaipiga kofi la ubavuni kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi. Redio ikaimba. Baadaye mlinzi wa wizara akamwomba asikilize jenereta. Akasikiliza, akaguna, na fundi kwa kuogopa lile guno akaifungua, akakuta kweli kuna bolti imelegea. Kuanzia hapo ikawa inajulikana mtaani kote kwamba Eliakimu anasikia chuma kinavyougua.

Ukweli ni kwamba kwa Eliakimu injini zote ziliunguruma tu. Kuna zilizounguruma kwa nguvu na kuna zilizounguruma polepole, basi. Lakini kwa maisha yake yote watu walikuwa wamemdhania hajui kitu, na kudhaniwa kwamba unajua kila kitu kuna raha yake. Hakukanusha.

Aliyemwamini kuliko watu wote alikuwa mke wake, Evodia. Alikuwa nesi katika zahanati moja ya mjini, mwanamke wa maneno machache na mipango mingi. Ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu waliyoachiwa na marehemu baba yake, gari lililowabebea mashudu ya kuku, mahindi, mama yake kutoka Mvumi kila miguu ilipomvimba, na misiba ya mtaani kwao, Area C, iliyokosa usafiri. Mwaka ule, wakati wa baridi na upepo, pikapu ilizimika njia ya Mvumi na haikuwaka tena. Fundi aliyeitwa alifungua boneti, akatazama ndani kwa muda, akaifunga taratibu kama mtu anayefunika maiti shuka, akawapa pole.

Zilikuwa zile zama za ruksa. Zamani ulihitaji kibali kununua gari, na hata ukishalipata, Jumapili mchana ulikuwa huruhusiwi kulitembeza. Sasa magari yaliyochoka Japani yalikuwa yanashuka Dar es Salaam mengi kama viatu vya mitumba, na mengine yakapandishwa mpaka Dodoma, ambako Abdulrazaki alikuwa amefungua yadi upande wa Majengo. Babu yake Abdulrazaki alifika mji huu na misafara, akachoka, akabaki. Baba yake aliuza mafuta ya taa na kaniki. Yeye mwenyewe alikuwa ameuza chumvi, kisha baiskeli, na sasa magari, na vyote aliviuza kwa kanzu nyeupe ile ile na upole ule ule.

Jumamosi asubuhi Evodia alimshika mumewe mkono, wakaingia yadini.

"Tunataka stesheni wagoni," Evodia alisema baada ya salamu. "Iwe na mlango wa nyuma wa kupitisha magunia, na iwe imeinuka, maana barabara ya Mvumi unaijua."

"Ipo, sista. Nyeupe, safi kabisa," alisema Abdulrazaki. "Na bwana tumtafutie kiti pale kivulini?"

"Bwana ndiye amekuja kusikiliza."

Abdulrazaki alikuwa amepata habari za jenereta, kama watu wote. Akamtazama Eliakimu jinsi mfanyabiashara anavyomtazama mtu wa vipimo aliyeingia dukani na mawe yake ya mizani.

Evodia akaiwasha ile stesheni nyeupe. Eliakimu akaweka kiganja juu ya boneti na kuinamisha kichwa. Alisikia injini. Alisikia pia jogoo, mwadhini akijaribu kipaza sauti kwa mbali, na upepo ukipita kwenye mabati. Upepo ule ule ukamtia vumbi puani, akabaki anasubiri chafya. Haikuja.

"Mh," akasema.

Abdulrazaki akajisogeza. "Ni gasketi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nitawaambia. Ilibadilishwa Dar, na fundi mzuri, haitawasumbua."

Evodia aligeuka kumtazama mumewe. Eliakimu alimsikia akivuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayejivuna na hataki ionekane. Eliakimu mwenyewe akashangaa sawa na mwenye gari. Wakaenda kwenye gari la pili, dogo, la bluu. Hapo hakuwa na vumbi puani, lakini alitaka kujua.

"Mh," akasema tena.

"Hilo rejeta inavuja," alisema Abdulrazaki.

Kwenye gari la tatu Eliakimu hakuwahi hata kuinamisha kichwa. Abdulrazaki alisema kwamba hilo hakuwa amepanga kuliuza wiki hii.

Ilikuwa wakati wa kurudi kwenye ile nyeupe ndipo Eliakimu alipojigonga. Alikuwa ametanguliza mkono, akitegemea kukuta ubavu wa gari usawa wa kifua, lakini mkono ukapita hewani na paja lake likakuta chuma. Akainama. Paa lilikuwa chini kiasi kwamba aliweza kuliegemea kwa kiwiko kama meza ya mapokezi. Akalifuata kwa kiganja kuelekea nyuma, na paa likawa linateremka taratibu, linateremka, mpaka likamwachia mkono kwenye kijimkia kilichoinuka.

"Hiki ni kitu gani?"

"Hilo si lenu, bwana Eliakimu," alisema Abdulrazaki. "Ni la spoti. Milango miwili. Kuna kijana aliliagiza, baba yake alikuwa mkubwa mahali fulani. Baba akastaafishwa, kijana simwoni tena. Nimebaki nalo. Jekundu hivyo, nikilipeleka hata sokoni watu wanasimama."

Labda kama angesema ni bovu, au ni ghali, mambo yangeishia pale. Lakini alisema si lenu. Eliakimu alikuwa ameambiwa hivyo juu ya vitu vingi, tangu kalamu ya wino mpaka mke.

"Hebu tulijaribu," akasema.

"Baba Lulu, gunia litakaa wapi humo?" aliuliza Evodia.

"Kujaribu si kununua."

Abdulrazaki akapima. Upande mmoja, hawa walikuwa wanunuzi wa stesheni. Upande wa pili, lile jekundu lilikuwa linakula vumbi tangu mwaka jana na hakuna aliyewahi hata kuomba ufunguo wake. Akaleta ufunguo. Kwa kuwa hawezi kuacha mali yake iondoke peke yake, akajipenyeza kiti cha nyuma, kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mkoba au mtoto mwenye subira. Magoti yakamgusa kidevu. Kanzu akaikusanya yote mapajani kama mwanamke anayevuka mto.

Wakashika barabara ya Dar es Salaam, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na lami ya kutosha. Makubaliano yalikuwa kufika Ihumwa na kugeuza.

Mpaka kwenye nyumba za mwisho za mji Evodia aliendesha kama anavyoendesha siku zote, mikono miwili, akimwonya kila mwenye baiskeli kwa honi fupi ya adabu. Kiti kilikuwa kimemlaza Eliakimu nusu chali. Alikuwa amezoea pikapu, ambamo kila baada ya muda aliambiwa shika hapo, inama, tunaingia shimoni. Humu hakuna aliyemwambia kitu. Barabara ilimpanda mgongoni moja kwa moja, laini, ikinong'ona. Kisha mji ukaisha, Evodia akabadilisha gia, na kitu fulani kikamsukuma Eliakimu kifuani, si kwa ubaya, kama mtu mkubwa anayekusalimia kwa kiganja.

"Mh," alisema Eliakimu.

"Shokamzoba ya nyuma kushoto," ilisema sauti ya Abdulrazaki kutoka nyuma. "Nitaweka mpya. Hilo ni juu yangu."

Eliakimu hakumsikia vizuri. Kwa mara ya kwanza alikuwa anasikiliza injini kweli, wala hakuwa anatafuta ubovu. Ilikuwa inapanda kama kwaya inavyopanda, sauti ya pili ikiifuata ya kwanza, na kila alipodhani imefika mwisho Evodia alikuwa na gia nyingine ya kuipa. Eliakimu akafungua dirisha. Upepo wa Dodoma, ambao kila siku humjia usoni na mchanga, leo ulikuwa unapita pembeni kwa adabu.

"Mh," akasema, kwa kirefu.

"Na mlango wa kulia umepakwa rangi upya," alisema Abdulrazaki. "Uligongwa melini, si barabarani. Na bei yake naweza kuiangalia upya, kwa kweli."

Ihumwa ikapita. Abdulrazaki aliitaja ilipokuwa inapita, kwa upole, kisha akaitaja tena ilipokuwa imeshapita. Evodia hakujibu. Mumewe alimjua akiwa amekasirika, akiwa amechoka, akiwa anahesabu kuku gizani. Kimya hiki hakukijua. Kilikuwa kimya cha msichana anayefanya jambo ambalo hajaomba ruhusa.

Mbele kidogo ng'ombe walianza kuvuka. Evodia akakanyaga breki, gari likasimama pale pale bila hata kuyumba, na Abdulrazaki akaja mbele mpaka kofia yake ya viua ikaangukia mapajani mwa Eliakimu. Wakakaa wakisikiliza kwato na kengele na mchungaji akiwasemesha ng'ombe wake kwa Kigogo. Mchungaji akaja dirishani, akainama sana, akatazama ndani.

"Huyu wa nyuma mmemfunga?" aliuliza.

"Ni mwenye gari," alisema Evodia.

Mchungaji akaridhika na jibu hilo, au akaona si lake, akaondoka na ng'ombe.

Trafiki aliwasimamisha karibu na Chamwino. Alikuwa askari wa makamo, aliyekuwa amesimama juani na aliyewasikia, alivyoeleza mwenyewe, kabla hajawaona.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sijui," alisema Evodia. Alikuwa anasema kweli.

Askari akazunguka upande wa pili. "Na wewe mzee, umekaa hapo mbele, huoni jinsi mkeo anavyokimbiza gari?"

"Sioni, afande," alijibu Eliakimu.

Askari akaona anadharauliwa, akainama ili ayatazame macho ya mtu anayemjibu hivyo. Akayatazama. Kikapita kimya kirefu ambacho Eliakimu alikifahamu vizuri, maana watu wengi walikuwa wamekikaa mbele yake, na siku zote yeye ndiye aliyepaswa kuwatoa.

"Wewe ulikuwa Mpwapwa," alisema. "Ulikuwa unapiga wizarani kuulizia uhamisho wako. Naona ulipata."

Mambo yakawa mepesi baada ya hapo. Askari alicheka, akauliza hali za wizarani, akamwonya Evodia kwa maneno makali ambayo hayakuwa na ukali, kisha akauliza, kwa namna ya uchunguzi, kama gari hilo kiti chake cha dereva kinarudi nyuma. Evodia akashuka, askari akakaa. Alishika usukani kidogo. Gari hakuliwasha. Akashuka, akajipangusa, akawaambia wageuze gari na warudi polepole.

Walirudi polepole kwa umbali wa mita chache.

Yadini Abdulrazaki alitolewa nyuma kwa kuvutwa mikono. Akajinyoosha, akavaa kofia, akataja bei ya lile jekundu. Ilikuwa imeshuka kila alipokiri, na alikuwa amekiri njia nzima. Sasa ilikuwa karibu sawa na ya stesheni.

Eliakimu alisubiri. Hakutaka kusema yeye kwanza. Alijua yaliyopaswa kusemwa: magunia, mama wa Mvumi, barabara. Lakini alikuwa amemsikia mkewe barabarani, na mtu aliyesikia kimya kile angekuwa mjinga kudhani atalikataa gari. Alikuwa tayari kukubali kwa shingo upande, kama mume anayemfurahisha mke.

"Tutachukua stesheni," alisema Evodia.

Eliakimu alihisi kama pale walipofunga breki.

"Tuizungushe kwanza na hiyo," aliongeza Evodia. Wakaizungusha stesheni nyeupe mitaa ya Majengo na kurudi. Eliakimu hakusema hata neno moja. Aligeukia dirishani kwa ule uso alionao mtu aliyenyang'anywa kitu ambacho hakuwahi kupewa. Evodia alisikiliza sana kimya hicho, akaridhika nacho, akatoa fedha kwenye pochi.

Ile stesheni haikuwasumbua. Gasketi haikuleta shida wala kitu kingine chochote. Ilipanda Mvumi na mashudu, ikateremka na mama mkwe, ikazika watu. Na kila ilipowaka alfajiri bila kukohoa, sifa ya Eliakimu ilizidi. Abdulrazaki mwenyewe alikuwa akiwaambia wateja kwamba gari lile lilisikilizwa. Mtu wa mtaa wa Kikuyu akaleta teksi yake mpaka uani. Mwalimu mmoja wa Msalato akaja na pikipiki. Eliakimu aliwasikiliza wote, akawagunia, na wao wenyewe wakamweleza magari yao yana nini.

Mvua zilikuwa zimeshaanza siku Evodia alipolitaja. Walikuwa njiani kutoka Mvumi, wao wawili peke yao, matope yakipiga chini ya gari.

"Lile jekundu limeuzwa," alisema. "Kachukua kijana wa Singida, wa vitunguu."

Eliakimu akasema ni vizuri.

"Nililipenda, baba Lulu." Alisema akiwa anatazama barabara. "Usinicheke. Pale Ihumwa nilikuwa nimeshalinunua. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia kwamba magunia tutakodi mkokoteni."

"Sasa kwa nini hukulichukua?"

"Utaniuliza wewe? Uliguna njia nzima. Nilijiambia, mtu huyu kwenye stesheni kaguna mara moja, ikawa gasketi. Hili kaguna mpaka Chamwino. Litatuua njiani."

Eliakimu akakaa na jambo hilo. Wangeweza kufika nyumbani hivyo, yeye akiwa na heshima yake na mkewe akiwa na busara yake, na hakuna ambaye angeumia zaidi. Lakini gari liliingia kwenye dimbwi, likatoka, na ile stesheni iliunguruma kama ilivyounguruma siku zote, bila kumwambia kitu.

"Nilikuwa nafurahi," alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa naguna kwa raha. Sijui lolote juu ya injini, mama Lulu. Sijawahi kujua. Ile stesheni nilikuwa nasubiri kupiga chafya."

Evodia alipunguza mwendo, kisha akasimamisha gari kabisa, katikati ya matope, mahali ambapo dereva mwenye akili hasimami.

"Na redio ya mama Anyesi?"

"Niliipiga kofi."

"Jenereta?"

"Fundi aliogopa."

"Mtu wa Kikuyu na teksi yake?"

"Alisema mwenyewe ni gia boksi. Mimi sikumwambia kitu."

Mvua ilikuwa inapiga paa. Eliakimu alijaribu kusikia mkewe yuko wapi katika hasira zake, akashindwa, na ndipo alipotambua kuwa Evodia anatetemeka. Ilimchukua muda kujua kwamba ni kicheko. Evodia alicheka mpaka akaegemea usukani na honi ikalia, na mahali fulani porini mbwa akajibu. Kisha akaacha kucheka ghafla, akafuta macho.

"Ungesema tu neno moja," alisema. "Zuri. Lina herufi nne."

"Nawe ungesema."

Evodia akajiweka sawa kwenye kiti. Alitia gia, na gari likakataa kutoka, kwa kuwa lilikuwa limezama. Eliakimu alishuka kusukuma. Alifika nyumbani na tope mpaka kifuani, na siku mbili Evodia alimsemesha kwa habari za chakula tu.

Siku ya tatu, asubuhi, simu iliita wizarani. Eliakimu aliijua pumzi kabla ya neno.

"Mzee Abdulrazaki, shikamoo."

"Marahaba. Bwana Eliakimu, nimeshusha magari mapya. Kuna moja sielewi vizuri walichonitumia. Fupi, halina paa, lina turubai tu. Wateja wakisikia umelipitisha nitaliuza upesi. Njoo Jumamosi ulisikilize, sista aliendeshe. Mimi safari hii nitawasubiri hapa hapa yadini."

Eliakimu alisema hawezi kuahidi, maana mambo ya nyumbani hayajakaa sawa. Jioni alimweleza mkewe kama habari ya kawaida, katikati ya habari za wizara. Evodia alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Halina paa," alisema hatimaye.

"Turubai."

"Na mvua hizi."

"Ndivyo nilivyomwambia."

Akasikia ungo ukiwekwa chini, na nyayo za mkewe zikielekea chumbani, na baada ya muda sanduku likifunguliwa.

"Jumamosi saa ngapi?" aliuliza Evodia kutoka huko ndani. "Nataka kujua kama nivae kilemba au kofia ya sufu."